Ziwa Lilipokuwa Mbuga

Mei 2020 kipimo cha maji ya Ziwa Viktoria cha Jinja kilifika mita 13.42, kikaipita rekodi ya 1964 kwa sentimita moja tu. Watu wa ufukweni wakahama. Wachache walikumbuka kwamba ziwa hilohilo liliwahi kukauka.

Huku Busiu, njia ya Mbale kwenda Tororo, kisa kinaanzia mlimani. Elgon, au Masaba kwa wenyeji, leo hauna barafu, lakini chini ya kilele cha Wagagai yamebaki matuta ya mawe yaliyosukumwa na barafu ya kale.

Barafu hiyo ilizua ugomvi. E. J. Wayland, mkurugenzi wa kwanza wa Idara ya Jiolojia ya Uganda iliyoanzishwa 1919, alishikilia kwamba Ulaya ilipoganda, Afrika ilinyeshewa. Ngazi za changarawe kandokando ya Mto Kagera alizihesabu kuwa alama za enzi za mvua kuu. Louis Leakey akaidaka nadharia hiyo upande wa Kenya, na mkutano wa Nairobi wa 1947 ukaifanya kalenda ya Afrika Mashariki. Ikawa ukiokota jiwe la kale, kwanza unalitafutia mvua yake.

Aliyeibomoa nadharia hiyo alitoka idara ileile. W. W. Bishop alionyesha kwamba ardhi ya magharibi iliinuka, mito ya Kagera, Katonga na Kafu ikageuziwa mkondo. Kwa hiyo changarawe inaweza kurundikana bila mvua ya ziada. Yale mawe ya Kafu yaliyosifiwa kuwa zana za binadamu wa kwanza? Mwaka 1959 alisema yamepasuka yenyewe. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo jiolojia ya Uganda ilipokomaa.

Kama kweli enzi ya barafu ilileta mvua, jibu lilitoka chini ya ziwa. Mwaka 1996 Thomas Johnson na wenzake walichapisha walichokikuta sakafuni: chini ya tope laini kuna tabaka gumu, kavu, lenye vijizizi vilivyosimama wima. Nyasi zilimea pale. Enzi ya barafu ilikuwa kiangazi kwetu, na Nile haikutoka Jinja mpaka maji yaliporudi, yapata miaka 15,000 iliyopita.

Wataalamu wa samaki waliguna. Nkejje, ambao Watanzania huwaita furu, wana mamia ya aina. Zote zimezaliwa tangu hapo?