Mtambo Uliofundishwa Kutunga Nyimbo

Leo tutauliza: je, mtambo unaweza kutunga wimbo?

Tuanze Marekani. Katika Chuo Kikuu cha Illinois palikuwa na kompyuta kubwa iliyoitwa ILLIAC. Bwana Lejaren Hiller, mtaalamu wa kemia aliyejua pia kutunga muziki, alishirikiana na mwenzake, Bwana Leonard Isaacson. Waliiagiza kompyuta itoe namba ovyo ovyo, na kila namba ikawa ni sauti moja ya muziki. Kisha waliipa kanuni. Sauti iliyofuata kanuni iliwekwa. Iliyovunja kanuni ilitupwa. Muziki huo ulipigwa mbele ya watu mwaka 1956 kwa vyombo vinne vya nyuzi. Kazi yote ilikamilika mwaka 1957, ikaitwa Illiac Suite.

Angalieni: kwa sehemu kubwa mtambo ule ulifuata kanuni ulizopewa. Baadaye ilienea njia nyingine, ya kujifunza kwa mifano. Mtoto husikia nyimbo za kubembelezwa kila siku. Hakuna anayemfundisha kanuni, lakini ukikatisha wimbo katikati, yeye ataumalizia. Kompyuta nayo hupewa nyimbo nyingi. Huhesabu ni sauti gani hufuata ipi mara nyingi, kisha hutumia hesabu hiyo kuunda wimbo mpya.

Mwaka 2016, maabara ya kampuni ya Sony mjini Paris, Ufaransa, ilitoa wimbo Daddy's Car, wenye mtindo wa bendi ya Beatles. Kompyuta ilitoa sauti za wimbo. Lakini mwanamuziki Benoît Carré ndiye aliyechagua, akapanga muziki na kuandika maneno.

Sasa tufike kwenye ugomvi. Nyimbo za kujifunzia zina wenyewe. Mwezi wa Juni, 2024, kampuni kubwa za kurekodi muziki zilifungua kesi Marekani. Zilidai kwamba wenye mitambo ya kutunga nyimbo walitumia kazi zao bila ruhusa.

Basi wenzangu, mtambo hauanzi na mikono mitupu. Hupewa mali na watu. Baada ya somo, jadilianeni darasani: mtambo ukijifunza kwa nyimbo za mzee wa kijijini kwenu, yeye apewe nini? Andikeni majibu yenu katika daftari.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.