Outrageous

Outrageous ni kivumishi cha Kiingereza kinachotaja kitendo, kauli au hali iliyovuka mpaka wa yanayovumilika, kiasi cha kumchoma moyo hata asiyehusika. Kwa wepesi zaidi hutaja pia bei ya kuruka, madai ya kupindukia au kofia ya vituko.

Asili yake huwapotosha wengi, Waingereza wenyewe wakiwamo. Katika outrage, nomino kilikotoka kivumishi hiki, jicho linaona out, “nje”, na rage, “ghadhabu”, kana kwamba ni hasira iliyofurika. Sivyo. Mzizi ni outre ya Kifaransa cha kale, kutoka ultra ya Kilatini, yaani “kupita” au “ng'ambo ya”. -Age ni kiambishi tu cha kuundia nomino. Hasira haikuwamo. Neno hilo lilipoingia Kiingereza karibu na mwaka 1300, lilihusu kukosa kiasi, iwe katika ulaji au majivuno. Baadaye likaelekea kwenye ukatili na udhalilishaji, na ile sura ya rage ikalichochea. Katika Kifaransa cha leo outrage ni tusi zito, hasa machoni pa sheria, kama kumtukana askari aliye kazini.

Nchini Marekani kivumishi hiki kina kazi mahakamani. Aliyetiwa uchungu wa moyo kwa makusudi anaweza kudai fidia endapo mwenendo wa mdaiwa ulikuwa outrageous. Kifungu cha 46 cha toleo la pili la mwongozo wa sheria ya madhara, wa mwaka 1965, kinatoa kipimo cha ajabu kidogo: mwananchi wa kawaida akisimuliwa kisa, apandwe na chuki dhidi ya mtenda na kupaza sauti akitamka neno lilo hilo. Neno linajipima kwa rula yake lenyewe. Mwaka 1988, katika kesi ya jarida la Hustler na mhubiri Jerry Falwell, aliyedhihakiwa pamoja na mama yake mzazi katika tangazo la mzaha, Mahakama ya Juu ilikataa kipimo hicho kitumike dhidi ya dhihaka kwa watu mashuhuri. Jaji Mkuu William Rehnquist alieleza kwamba kingeliachia juri litoze fidia kwa kufuata ladha na maoni ya wajumbe wake.

Mfasiri wa Kiswahili hana kivumishi kimoja cha kuliwekea. Uongo wa namna hii ni wa mchana kweupe. Uhalifu ni wa kinyama. Bei, tumeshaiona, inaruka. “Kupita kiasi” ndiko kunakoukaribia mzizi wenyewe, ila kumepoa: mtu husema chai ina sukari kupita kiasi bila kukunja uso. Kwa tabia, ndugu yake wa karibu ni kufuru. Neno hilo lilitoka Kiarabu likiwa na maana ya kumkana Mungu, na leo gazeti la udaku likiandika kwamba bwana harusi “afanya kufuru”, msomaji anajua noti zimemwagwa, asijue kama anaalikwa kulaani au kuona wivu. Outrageous nalo hucheza hivyohivyo kati ya lawama na sifa. Lakini undugu huo una hatari zake: mwandishi anayeigeuza kauli ya mwanasiasa iliyoitwa outrageous kuwa “matamshi ya kufuru” atakuwa amemshitaki kwa kumtukana Mungu, ilhali mtu alisema tu kwamba maskini ni wavivu.