Bitcoin: nani analipwa, nani anatumika bure?

Bitcoin ni pesa ya kwenye intaneti iliyoanza Januari 2009. Haina benki kuu wala ofisi. Kitabu chake cha hesabu kinatunzwa na maelfu ya ordinatere ulimwenguni. Lakini wenye mashini hizo si kundi moja.

Wa kwanza ni wachimbaji. Hao wanalipwa. Karibu kila dakika 10 mmoja wao anafunga ukurasa mpya wa kitabu na anapata Bitcoin mpya. Mwanzoni zilikuwa 50. Tangu Aprili 2024 zimebaki 3 na kitu. Hata hapa kwetu Kivu ya Kaskazini wapo: Hifadhi ya Virunga ilianza kazi hiyo mwaka 2020, kwa umeme wa maji wa Luviro.

Wa pili ni watu wa kujitolea. Mashini zao zinaitwa nodi. Zinaweka nakala ya kitabu kizima, yenye kupita giga 500, zinachunguza kila malipo na kukataa ya uongo. Kurani, mega na mashini, vyote ni juu ya mwenyewe. Mtandao haumlipi hata senti.

Sasa, kwa nini wasilipwe? Shida ni kwamba mtandao haujui nani ni nani. Ukilipa kila nodi, mtu mmoja atatengeneza nodi elfu za uongo, sawa na yule anayejiandikisha mara kumi kwenye orodha ya msaada ili apate jeto kumi.

Dash, pesa nyingine iliyoanza 2014, ilijaribu njia ya rehani. Mwenye nodi kubwa anaweka Dash 1000, ndipo anapata sehemu ya malipo. Kudanganya kunakuwa ghali, sababu kila nodi inadai rehani yake. Lakini kazi inabaki ya wenye pesa, na kura pia: mwenye rehani kumi ana kura kumi.

Basi, mtu akikuomba dola ili akufungulie nodi ya Bitcoin yenye faida kila siku, kumbuka mambo mawili. Programu ya nodi ya Bitcoin ni ya bure, na haimlipi mtu. Tena, akisema faida inaongezeka ukileta wengine, hiyo si kazi ya mtandao. Ni makuta ya wale watakaoingia nyuma yako.