Waliicheka Serikali, Kisha Wakashtakiana

Nina mjomba anayeitwa Kennedy. Kama wewe ni Mkenya, bila shaka hata wewe unamjua Kennedy mmoja au watatu: wa darasani, wa kanisani, wa stejini. Jina hilo lina historia. Julai 1960 Tom Mboya alimtembelea seneta John F. Kennedy kule Hyannis Port, Massachusetts, akitafuta nauli ya ndege kwa wanafunzi waliokuwa wamepata nafasi vyuoni Marekani. Wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Miaka mitatu baadaye Kennedy, sasa akiwa rais, alipigwa risasi, na huku kwetu jina lake likaendelea kubatizwa watoto.

Sasa fikiria mjomba wangu akisikia kwamba kuna bendi inaitwa Dead Kennedys. Yaani, Akina Kennedy Marehemu.

Bendi hiyo ilizaliwa San Francisco mwaka 1978, wakati mpiga gitaa anayejiita East Bay Ray alipoweka tangazo kwamba anatafuta wenzake. Panki ilikuwa bado changa: roki iliyovuliwa mapambo yote, gitaa zinakimbia, dakika mbili wimbo umeisha. Besi ilishikwa na Klaus Flouride. Mwimbaji alikuwa kijana wa Boulder, Colorado, Eric Boucher, aliyejipa jina Jello Biafra. Walianza kupiga shoo Mabuhay Gardens, mkahawa wa Kifilipino uliogeuka kuwa klabu ya mapanki. Novemba 22, 1978, miaka 15 kamili tangu rais auawe, ratiba ya klabu ilikuwa na jina lao. Mwandishi mmoja maarufu wa gazeti la mji alilalamika kwamba adabu imekwisha.

Biafra alijitetea kwamba hawakuwa wakiwacheka marehemu. Walikuwa wakiizika ndoto ya Marekani, ambayo kwao ilikufa na ndugu wawili: John mwaka 1963 na Robert mwaka 1968. Mimi namwamini nusu. Jaribu wewe kuita bendi yako Akina Mboya Marehemu, halafu upige shoo tarehe 5 Julai pale Moi Avenue, karibu na sanamu yake. Utajua hujui.

Lakini kusema ukweli, jina la bendi halinisumbui kama jina la mwimbaji. Jello ni jeli tamu ya watoto, ile inayotikisika kwenye sahani. Biafra ni nchi iliyojitenga na Nigeria Mei 1967 na kusalimu amri Januari 1970. Kwa makadirio mengi, zaidi ya watu milioni moja walikufa, wengi wao kwa njaa. Tanzania ya Nyerere ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuitambua, Aprili 1968, kwa hivyo jambo hili halikuwa mbali na sisi. Boucher alitaka picha mbili zigongane kichwani mwa msikilizaji, shibe ya Marekani na njaa ya Afrika. Nimemwelewa. Ila aliyepata jina ni yeye, na watoto wa kwenye zile picha hawakupata kitu. Dhihaka inayopanda juu kwa mwenye nguvu nitaipigia makofi. Ile inayopumzika mgongoni mwa waliokufa njaa naiangalia kwa jicho la pembeni.

Na kupanda juu waliweza sana. Mwaka 1979 Biafra aligombea umeya wa San Francisco. Alitaka wafanyabiashara wavae nguo za vichekesho kila wanapoingia mjini. Kati ya mizaha hiyo, aliingiza mambo ambayo hayakuwa mzaha hata kidogo: polisi wapigiwe kura na wakazi wa mitaa wanayoilinda, na watu wasio na makao waruhusiwe kuishi kwenye majengo yaliyoachwa tupu. Alimaliza wa nne, akiwa na asilimia 3 na kitu ya kura. Kwa mtu ambaye wengi walidhani anacheza, hizo si kura chache.

Machi 1980 wakaalikwa kwenye tuzo za muziki za eneo hilo, mbele ya wakubwa wa biashara ya rekodi. Waandalizi walitaka "California Über Alles", wimbo wao wa kumkejeli gavana Jerry Brown. Walianza kuupiga, wakausimamisha baada ya sekunde chache, wakaingiza wimbo ambao hakuna aliyeutarajia. Mashati yao yalikuwa yamechorwa herufi S kubwa, na tai nyeusi ziliposhuka katikati, kila kifua kikawa alama ya dola. Huo wimbo mpya ulihusu wanamuziki wanaojiuza ili wapigwe redioni. Fikiria meza ya mbele ilivyonyamaza.

Hiyo jeuri ilikuwa na mgongo wa kuegemea. Tangu 1979 walikuwa na lebo yao, Alternative Tentacles, na singo ya "California Über Alles" ndiyo iliyoifungua. Hakukuwa na bosi wa kuwaambia wapunguze ukali. Mwaka 1981 alijiunga D.H. Peligro, mpiga drami Mweusi katika muziki uliojaa Wazungu, na mwaka huohuo wakatoa wimbo wa kuwafukuza waziwazi vijana wa Kinazi waliokuwa wakivamia shoo za panki.

Kisha ikaja albamu ya Frankenchrist, 1985. Ndani yake waliweka bango la mchoro wa H.R. Giger, msanii wa Uswisi aliyebuni lile dude la filamu ya Alien. Mchoro ulionyesha safu za viungo vya siri. Msichana wa miaka 14 akainunua rekodi hiyo, mama yake akashtaki kwa serikali ya jimbo. Aprili 1986 polisi walipekua nyumba ya Biafra, na baadaye yeye na wengine wanne wakafunguliwa mashtaka ya kusambaza vitu vyenye madhara kwa watoto. Kifungo kilichokuwa kikimsubiri kingefika mwaka mmoja.

Kesi ilisikilizwa Los Angeles, Agosti 1987. Raia walioketi kuamua waligawanyika, 7 wakitaka washtakiwa waachiliwe na 5 wakikataa. Hakimu akaitupa kesi. Lakini kufikia hapo maduka kadhaa yalikuwa yamekwisha kuondoa rekodi zao, na bendi yenyewe ilikuwa imevunjika tangu 1986. Serikali haikumfunga mtu. Iliwamalizia tu muda, pesa na pumzi.

Ungedhani hadithi inaishia hapo, mashujaa wameumia lakini majina yao ni safi. Wapi! Mwaka 1998 East Bay Ray, Flouride na Peligro walimshtaki Biafra, ambaye ndiye aliyebaki akiendesha lebo. Walidai hawakulipwa mirabaha yao yote. Biafra alisema wanamlipiza kwa sababu alikataa wimbo wao utumike kwenye tangazo la Levi's. Wenzake wakasema hapana, ni pesa zetu. Mwaka 2000 uamuzi ukawaendea wao, na Biafra na lebo wakatakiwa kulipa karibu dola 200,000. Rufaa haikumsaidia. Mwaka 2001 wenzake walirudi jukwaani na jina lilelile, bila yeye.

Mashabiki wengi bado wanabishana nani msaliti. Mimi naangalia kitu kingine. Watu hawa waliandika nyimbo kali kuhusu ulafi wa kampuni kubwa, na bado swali lililowavunja urafiki ni lile ambalo mhasibu yeyote angewauliza siku ya kwanza: nani anashika pesa, na nani anamkagua? Kukataa bosi wa nje ni rahisi kidogo, maana unamjua adui. Shida ni pale rafiki yako anapokuwa bosi bila yeyote kutangaza.

Hapa Nairobi naona hilo kila mara. Mbogi ya vijana wanne wanatoa ngoma, inashika, matatu zote zinaicheza. Hakuna karatasi iliyotiwa sahihi. Nenosiri la chaneli liko na mmoja, namba ya malipo ni ya simu yake, na wale watatu wengine wanaanza kuomba nauli ya kwenda kwenye shoo yao wenyewe. Baada ya miezi michache kila mtu anamwimba mwenzake vibaya.

Kwa hivyo tukaneni wakubwa, imbeni mnachotaka. Lakini kabla ya video ya kwanza kupanda, kaeni chini, hata kama ni kibandani kwenye chai na mandazi, muandike nani analipwa ngapi, na nani ana haki ya kukataa tangazo likija. Mpeane nakala, kila mtu yake.