Gwaride la Heshima Kaburini: Askari Waliopigiwa Tarumbeta na Waliosahauliwa

Katika mijadala ya darasani kuhusu historia ya Kiswahili nchini Uganda, hoja moja haikosekani: kwamba Kiswahili ni lugha ya askari. Kwa kawaida husemwa kama lawama, nasi walimu tumezoea kuijibu kwa kutaja biashara, dini, fasihi na utangamano wa Afrika Mashariki. Majibu hayo ni sahihi, lakini yanalikwepa swali. Ni kweli kwamba askari walikuwa miongoni mwa waliokisambaza Kiswahili katika nchi zetu. Basi ni haki tuulize: askari hao walikuwa akina nani, na walipokufa walizikwaje? Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kuitazama desturi moja tu ya kijeshi, yaani gwaride la heshima kwenye maziko ya askari mstaafu.

Desturi yenyewe

Maziko ya kijeshi yana sehemu ambazo wengi wetu tumeziona kwenye televisheni. Jeneza hufunikwa bendera. Askari wa kikosi cha mazishi husimama wakiwa wamegeuza bunduki zao, mitutu ikielekea chini. Risasi hufyatuliwa kwa pamoja, mara tatu. Tarumbeta hulia. Mwishoni bendera hukunjwa na kukabidhiwa familia.

Kila sehemu ina asili yake. Inasimuliwa kwamba risasi tatu zilitokana na vita vya Ulaya vya zamani, ambapo pande mbili zilisimamisha mapigano ili kuondoa maiti uwanjani, kisha milio mitatu ikaashiria kwamba kazi hiyo imekwisha. Wimbo wa tarumbeta wa Waingereza, Last Post, ulikuwa ishara ya kambini ya kufunga siku. Ulipohamishiwa kaburini ukawa ishara ya kufunga maisha. Wamarekani wana wimbo wao uitwao Taps, uliopata umbo lake mwaka 1862 wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe.

Hapa wanafunzi wetu wasichanganye mambo mawili. Mizinga inayopigwa kwenye maziko ya viongozi ni kitu tofauti na risasi tatu za askari. Idadi ya mizinga hufuata cheo: Rais mstaafu Daniel arap Moi alipigiwa mizinga 19 mwezi Februari 2020, na Mwai Kibaki vivyo hivyo mwezi Aprili 2022. Risasi tatu hazihesabu cheo. Hufyatuliwa kwa sababu marehemu alikuwa askari, basi.

Msamiati nao una historia ya kutufundisha. Askari, bunduki, risasi na jeneza ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Bendera na tarumbeta tuliyapata kwa Wareno. Afande, neno linalotumika kila siku katika vituo vya polisi na makambi ya Uganda, Kenya na Tanzania, ni lile lile efendi la Kituruki, lililofika kwetu kupitia wanajeshi waliotoka Misri na Sudani. Hivyo maziko ya askari mmoja wa Afrika Mashariki yanaweza kusimuliwa kwa maneno yaliyotoka mabara matatu. Suala ni kama maziko hayo yalifanyika.

Jenerali na askari wake

Tuanze na maziko yaliyofanyika kwa heshima zote. Mwezi Machi 1964 alifariki mjini Hamburg, Ujerumani, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa mkuu wa jeshi la Kijerumani katika Afrika Mashariki tangu mwaka 1914 hadi alipoweka silaha chini huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Maofisa wa jeshi la Ujerumani Magharibi waliwekwa kuwa walinzi wa heshima. Hotuba ya buriani ilitolewa na Waziri wa Ulinzi, Kai-Uwe von Hassel, ambaye mwenyewe alizaliwa Gare, Usambara, mwaka 1913. Zaidi ya hayo, serikali iliwasafirisha kwa ndege askari wawili wa zamani wa jenerali huyo, wakawa wageni wa taifa ili wahudhurie maziko.

Mwaka huo huo Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari waliokuwa bado hai mishahara ambayo hawakuwahi kulipwa tangu vita vilipokwisha. Iko simulizi inayorudiwa sana kuhusu malipo hayo. Inasemekana wazee walipojitokeza Mwanza, wengi hawakuwa na hati yoyote ya kuthibitisha utumishi wao. Mlipaji akampa kila mzee ufagio badala ya bunduki, akamwamuru kwa Kijerumani afanye kwata. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyekosea.

Simulizi hiyo husimuliwa ili watu wacheke na kustaajabu. Tukiitafakari, inauma. Miaka 46 ilikuwa imepita tangu vita viishe. Jeshi halikuwa na orodha ya kuwatambua watu wake, ila wao walikuwa wakizikumbuka amri zake mwilini. Tena hao ndio waliobahatika kuishi. Waliokufa kabla ya 1964 hawakuyaona malipo hayo.

Mwalimu wa Kiswahili aliyekufa kambini

Kati yao yumo mmoja ambaye sisi wa idara za Kiswahili tunapaswa kumjua, kwa sababu alikuwa mwenzetu kikazi. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, naye akaingizwa jeshini akiwa bado mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Dai lilikataliwa. Aliomba pia nishani ya wapiganaji wa vita vile, akanyimwa. Alifanya kazi ya kuhudumia wageni mgahawani, akaigiza katika sinema, na katika miaka ya 1930 akafundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin.

Mwaka 1941 utawala wa Hitler ulimkamata kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke mzungu, akapelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Alifia huko tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 jiwe dogo la kumbukumbu lenye jina lake liliwekwa njiani, mbele ya nyumba aliyowahi kuishi Berlin. Yule jenerali alipewa maofisa wa kumlinda jenezani. Huyu askari na mwalimu alisubiri miaka 63 ili jina lake liandikwe barabarani.

Sanamu zisizo na majina

Upande wa Waingereza nao hauna la kujivunia. King's African Rifles, yaani KAR, iliundwa mwaka 1902. Bataliani yake ya nne ndiyo iliyokuwa ya Uganda. Vita vilipoanza mwaka 1914 KAR ilikuwa na bataliani tatu tu, na vilipokwisha zilikuwa 22. Nyuma ya wapiganaji walikuwepo wapagazi, waliobeba chakula na risasi vichwani katika nchi ambayo malori na farasi hawakuiweza. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps, ndilo lililozaa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Wapagazi wengi zaidi walikufa kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi.

Tume ya makaburi ya vita ya dola ya Uingereza iliundwa mwaka 1917 kwa kanuni nzuri: wafu wote wakumbukwe kwa usawa, bila kujali cheo, rangi wala dini. Katika Afrika Mashariki kanuni hiyo haikufuatwa. Wazungu walipata makaburi yenye majina. Kwa Waafrika walio wengi ilionekana kwamba mnara mmoja wa jumla unatosha, na makaburi yao yakaachwa yamezwe na pori.

Ndivyo zilivyopatikana sanamu za shaba za Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, zilizowekwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Ile ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, inamwonyesha askari aliyeinamisha singe, naye amesimama pale ilipokuwa sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann. Maneno ya sanamu hizo yalitungwa na mshairi Rudyard Kipling, ambaye mwanawe aliuawa vitani Ufaransa mwaka 1915 na mwili wake haukutambuliwa katika uhai wa baba. Yameandikwa kwa Kiingereza na pia kwa Kiswahili, na yanaahidi kwamba jina la aliyekufa akipigania nchi yake litakumbukwa na wanawe. Anayekwenda kuzisoma hatakuta jina hata moja la askari wala la mpagazi. Ahadi ya kulikumbuka jina imechongwa mahali pasipo na jina.

Mwezi Aprili 2021 ripoti ya tume hiyo hiyo ilikiri kosa. Ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine wakafikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi Bungeni. Mwezi Novemba 2023 Mfalme Charles III alizuru makaburi ya Kariokor, Nairobi, akawakabidhi wazee wa KAR medali za kuchukua nafasi ya zile walizopoteza. Mwezi Januari 2025 ukazinduliwa mjini Cape Town mnara wenye majina 1,772 ya Waafrika Kusini weusi waliokufa katika utumishi wa vita hivyo, kila jina na nguzo yake ya mti. Kwa hiyo kumbe inawezekana. Majina yakitafutwa, hupatikana.

Hisani au haki?

Kwa nini tarumbeta hulia kwa huyu na isilie kwa yule? Gwaride la heshima ni tamko la dola. Kwa kuwasimamisha askari kaburini, dola husema: huyu alikuwa wetu, na tunamdai deni la shukrani sisi, si yeye. Isipofanya hivyo inatoa tamko pia. Idi Amin, aliyekulia kijeshi katika bataliani ya nne ya KAR, alizikwa Jeddah mwezi Agosti 2003 bila gwaride la nchi aliyoitawala, na wengi waliona ndivyo ilivyostahili. Lakini mpagazi aliyekufa kwa kuhara karibu na mto Rufiji hakumdhulumu mtu, naye alizikwa kimya vile vile. Mmoja alinyimwa kwa hukumu, mwingine kwa kutohesabiwa.

Wamarekani walilitatua jambo hili kwa sheria. Tangu tarehe 1 Januari 2000, familia ya askari wa zamani anayestahili ikiomba, jeshi lazima lilete angalau watu wawili wenye sare, waikunje bendera, waikabidhi, na Taps isikike. Wakati huo wazee wa Vita Vikuu vya Pili walikuwa wakifa kwa wingi na wapiga tarumbeta hawakutosha, hata mwaka 2003 ikaanza kutumika tarumbeta yenye kifaa cha umeme ndani yake, kinachotoa sauti iliyorekodiwa. Wapo waliokidhihaki kifaa hicho. Sisi tunaona kina maana: heshima imekuwa haki ya koplo kama ilivyo ya jenerali, na uhaba wa mpiga tarumbeta si sababu ya kuinyima.

Tanzania nayo ilitafuta njia ya kwake. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, pamoja na gwaride na tarumbeta, kwenye mnara huwekwa silaha za jadi: mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, shoka. Makaburi ya mashujaa yapo Naliendele, Mtwara, na Kaboya, Kagera. Desturi ilikuja na mkoloni, lakini si lazima ibaki ya mkoloni.

Kazi yetu

Hatuna mamlaka ya kupeleka tarumbeta kwenye kaburi la mtu. Tuna lugha. Wapagazi na askari wengi waliandikwa na makarani waliokosea majina yao, wakabaki namba. Wajukuu na vitukuu wao wamo madarasani mwetu, Jinja, Gulu, Arua na kwingineko. Tunapendekeza kwamba wanafunzi wa mwaka wa pili, wanaojifunza kukusanya fasihi simulizi, waende likizoni na maswali manne: nani katika ukoo alikuwa askari au mpagazi? Jina lake kamili lilikuwa lipi? Alitumikia kikosi gani? Amezikwa wapi? Waandike pia maneno ya Kiswahili aliyorudi nayo nyumbani.

Majibu hayo yahifadhiwe katika maktaba ya idara, kila jina likiandikwa sawasawa jinsi familia inavyolitamka. Mwaka utakaofuata, atakayesimama darasani kusema kwamba Kiswahili ni lugha ya askari, hatutambishia. Tutamwonyesha orodha.