Carothers, Lambo na Akili ya Mwafrika

Leo tuache siasa kidogo, tuzungumze historia. Wangapi kati yetu tumekulia kwenye nyumba ambamo babu hasemi alikuwa wapi wakati wa vita, na baba hataki aulizwe?

Mwaka 1938 daktari Mwingereza, J.C. Carothers, alikabidhiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, akiwa na mafunzo kiduchu ya kazi hiyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake, ambamo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo! Mwaka uliofuata akaandika ripoti kuhusu Mau Mau. Watu walionyang'anywa ardhi wakaelezwa kuwa wamevurugwa akili na usasa.

Mwaka huohuo wa 1954, kule Aro, Abeokuta, Thomas Adeoye Lambo, Myoruba aliyesomea Uingereza, alianza jambo tofauti kabisa. Wagonjwa wake walipanga kwenye nyumba za wanavijiji, kila mmoja na ndugu yake wa kumpikia na kumtunza. Hospitalini walipata dawa za kisasa. Lambo akawashirikisha pia waganga wa jadi, kwa kuwa walijua kumuuliza mgonjwa ni wa ukoo gani, amegombana na nani, anaogopa nini. Daktari mgeni angejuaje hayo? Baadaye Lambo akawa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani, lilelile lililomchapisha Carothers.

Turudi Kenya. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kwamba wafungwa wa Mau Mau waliteswa, ikatoa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228. Hiyo ni haki iliyochelewa, lakini pesa haimfundishi mzee kumsimulia mjukuu wake. Na mjukuu asiyejua kilichotokea atajijuaje?

Zimbabwe walipata njia yao. Tangu 2006 Dk. Dixon Chibanda amewafundisha mabibi kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza wenye "kufungisisa", neno la Kishona la kuwaza kupita kiasi. Hakuna anayelazimika kutafsiri uchungu wake kwanza.

Sisi tunaosema "nina msongo" kwa mshauri, na "nimechoka tu" kwa mama, tufanyeje? Mimi naona tuanze kwa kuwauliza wazee, taratibu, wangali hai. Wewe unasemaje?