Kichaka Kinachotaka Misimu Miwili: Safari ya Kutambua Mimea ya Ukoo wa Mnanaa, Mbeya na Iringa

Hebu fanya jaribio dogo. Chuma tawi la kivumbasi nyuma ya nyumba, lizungushe kati ya vidole viwili. Unahisi nini? Shina si la mviringo, lina kona nne. Sasa angalia majani: yanatoka mawili mawili, yakitazamana. Yasugue, unuse. Umeshamaliza nusu ya kazi ya mtaalamu wa mimea, maana shina la pembe nne, majani yanayotazamana na harufu kali ni dalili kubwa za Lamiaceae, yaani ukoo wa mnanaa. Zaidi ya hapo, ua lake mara nyingi lina midomo miwili, wa juu na wa chini, na kila ua likizaa vizuri hutoa vijitunda vinne.

Ukoo huu ni mpana kuliko unavyofikiri. Mrehani yumo. Mtiki, ule wa mbao za milango na vitanda, naye yumo! Na kama umekulia Njombe au Ludewa, umekula ndugu yake mnanaa bila kujua: numbu, vile viazi vyembamba vya asili, ni wa ukoo huohuo.

Kujua ukoo ni rahisi. Shida inaanza unapouliza: huu ni mmea gani hasa? Na je, kuna mtu aliyewahi kuupa jina? Kwa Nyanda za Juu Kusini, swali hilo limechukua zaidi ya miaka mia moja, na bado halijaisha.

Waliotangulia na masanduku ya karatasi

Mwaka 1898 na 1899 Mjerumani Walter Goetze alipita Uhehe, akavuka milima ya Wakinga na kufika Rungwe, akikausha mimea kati ya karatasi njia nzima. Tuseme ukweli: hakubeba masanduku yale peke yake. Misafara ya enzi zile ilitegemea wapagazi na viongozi wa njia, ambao majina yao hayapo kwenye lebo. Goetze alifariki 1899 akiwa hukuhuku, lakini mizigo yake ilifika Berlin, na matokeo yakaanza kuchapishwa mwaka uliofuata chini ya Adolf Engler. Jina lake limebaki katika mimea kadhaa, kama mgunga uitwao Senegalia goetzei.

Baada yake akaja Adolf Stolz, mmisionari wa Moravian aliyeishi Kyimbila, karibu na Tukuyu. Tofauti yake na Goetze ni kubwa. Goetze alikuwa mpita njia, Stolz alikuwa mkazi. Mkazi anaona mmea ukichipua, ukichanua na ukikauka. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Mimea ya wakusanyaji hawa ilihifadhiwa Berlin, kwenye hebaria, yaani maktaba ambayo badala ya vitabu ina mimea mikavu iliyobandikwa kwenye karatasi. Machi 1943, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, mabomu yaliiangukia hebaria ile na sehemu kubwa ikateketea. Fikiria: sampuli iliyotoka Rungwe mgongoni mwa mtu, ikavuka bahari, ikaishia majivu. Kilichookoa kazi ni desturi ya wataalamu kugawana sampuli pacha. Tawi moja likibaki Berlin, jingine la mmea uleule hupelekwa kwingine. Ndiyo maana leo mtafiti wa mimea ya Mbeya hulazimika kusaka pacha hizo katika hebaria za nchi nyingine.

Kichaka kinachochanua kikiwa uchi

Sasa tuchukue mfano mmoja unaoonyesha ugumu wa kazi yenyewe: jenasi ya Tetradenia. Ni vichaka vyenye harufu kali vinavyopenda miteremko yenye mawe. Rwanda wanakiita kimojawapo umuravumba, na ni dawa ya kienyeji inayojulikana sana.

Tatizo la kwanza: Tetradenia riparia, ambayo ndiyo maarufu kuliko zote, huchanua wakati wa kiangazi, majani yakiwa yamepukutika. Ukifika Juni unakuta maua bila majani. Ukifika Februari unakuta majani bila maua. Tatizo la pili: kwa kawaida kichaka kimoja ni dume na kingine ni jike, na maua yao hayafanani. Kwa hiyo, ili uufahamu mmea mmoja unahitaji walau sampuli tatu: maua ya dume, maua ya jike, na majani ya masika. Mpita njia anapata kimoja tu kati ya vitatu. Na ukiweka sampuli za namna hiyo mezani, unaweza kudhani mmea mmoja ni mimea mitatu, au mimea mitatu ni mmoja.

Majina yake yanasimulia mkanganyiko huo. Hochstetter aliuita Moschosma riparium. Mwaka 1910 N. E. Brown wa Kew, Uingereza, akaanzisha jenasi mpya, Iboza, jina alilolitoa kwenye Kizulu. Mwaka 1983 L. E. Codd wa Afrika Kusini akaonyesha kwamba Iboza haina tofauti ya kutosha na Tetradenia, jenasi iliyojulikana tangu 1830 kutokana na mimea ya Madagaska. Kwa kuwa jina la zamani ndilo lenye haki, Iboza likafutwa. Lakini riparia ya Codd ilikuwa kapu kubwa mno. Mwaka 2008 Phillipson na Steyn walilipekua upya na kuchapisha spishi mpya, mojawapo ikiitwa Tetradenia tanganyikae, jina linaloikumbuka Tanganyika.

Umeona? Spishi "mpya" si lazima iwe imeonekana jana. Mara nyingi imekaa hebaria kwa miongo, imeandikwa jina la jirani yake, ikisubiri mtu wa kuuliza, "Hivi kweli hawa ni wamoja?"

Spishi mpya inathibitishwaje?

Kwanza, linganisha. Unapima majani, nywele za shina, umbo la kikombe cha ua, kisha unasoma kila kilichoandikwa kuhusu majirani zake. Tofauti moja haitoshi, maana hata watoto wa mama mmoja hutofautiana. Unatafuta tofauti kadhaa zinazokwenda pamoja, mmea baada ya mmea.

Pili, soma lebo kwa akili. "Neu-Langenburg" ni Tukuyu ya leo. "Iringa" kwenye lebo ya 1970 inaweza kuwa Njombe, kwa sababu mkoa wa Njombe ulizaliwa 2012. "Mbeya" inaweza kuwa Songwe, mkoa wa 2016. Ukikosea hapo, utapanda mlima usio wake.

Tatu, chagua sampuli moja iwe kielelezo cha jina milele. Tangu 1958 sheria za kimataifa zinadai kielelezo hicho kitajwe, la sivyo jina ni batili. Maelezo yalipaswa kuwa kwa Kilatini hadi mwisho wa 2011, na tangu 2012 Kiingereza kinakubalika pia.

Mwaka huohuo wa 2012 ndipo ilipokamilika Flora ya Afrika Mashariki ya Kitropiki, kazi iliyoanza kuchapishwa 1952 na kuorodhesha zaidi ya spishi 12,000 za Kenya, Uganda na Tanzania. Humo Nyanda za Juu Kusini zimepewa alama fupi: T7. Kitabu cha ukoo wa mnanaa kilitoka 2009. Miaka kumi tu baadaye, utafiti wa vinasaba ukachangia kupanga upya kundi moja kubwa la ukoo huo. Coleus ikawa na spishi 294, Plectranthus zikabaki 72, na jenasi mpya Equilabium ikapata 42. Numbu, ambayo Brown yuleyule aliiita Plectranthus esculentus, sasa ni Coleus esculentus. Ladha haijabadilika, usijali.

Jina linasaidia nini?

Utasema, "Sawa, lakini mmea hauhitaji jina ili uishi." Kweli. Ila sisi tunalihitaji ili tusiuue. Mmea usio na jina hauingii kwenye Orodha Nyekundu ya viumbe walio hatarini, na tathmini ya mazingira ya mradi haiwezi kuutaja. Moto ukipita, au mteremko ukigeuzwa shamba la misonobari, hakuna hata anayejua kilichopotea.

Tazama Karomia gigas, mti mkubwa wa ukoo huuhuu wa mnanaa. Ulielezwa 1988 kutokana na mti wa pwani ya Kenya, na baadaye ukadhaniwa umetoweka duniani. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliupata tena Kilwa. Waliwezaje kuutafuta? Ulikuwa na jina na maelezo. Na kama bado unadhani milima yetu imeshasomwa yote, kumbuka kipunji: nyani yule wa Rungwe na Ndundulu alitangazwa kwa dunia 2005 tu, ilhali Wanyakyusa walikuwa na jina lake siku zote.

Ikiwa nyani mzima alipitwa, kichaka kisicho na majani mwezi wa saba kitashindwaje kupitwa? Wewe unayeishi Rungwe, Makete au Mufindi una kitu ambacho Goetze hakuwa nacho: misimu yote miwili. Ukiona kichaka chenye shina la kona nne usichokifahamu, kipige picha ya ua, jani na shina, andika mahali na tarehe, muulize bibi wanakiitaje, kisha rudi tena masika. Hebaria ya Taifa ipo Arusha, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina yake. Peleka maswali yako huko.